Kovu la Gari la Mkunga

Kisa hiki kimepita mikono mingi kabla ya kunifikia, na mimi sikutaka kukizuia. Kisome taratibu, hasa wewe unayesoma huku umesimama.

Zamani, katika nchi moja ya Amerika ya Kusini, serikali ilifunga mlango wa magari ya kutoka nje. Aliyetaka gari alinunua la viwanda vikubwa vya humo humo, na yote yalifanana. Ndipo mafundi wadogo walipopata akili. Hawakuwa na mashine za kukunja mabati, kwa hiyo walichukua injini na chasisi ya gari la kawaida, wakaivalisha bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, waliyoitengeneza kwa mikono yao.

Katika mji mdogo wa Serra Mansa, fundi wa namna hiyo aliitwa Evaristo. Gari lake lilikuwa dogo, la milango miwili, limeinama mbele kama paka anayenyemelea, na waliolipenda walilipenda kweli kweli. Evaristo mwenyewe hakujua kukaa. Alikula amesimama. Kwa kinyozi aliinuka inuka kitini mpaka siku moja akakatwa sikio. Mkewe Jandira, aliyeendesha karakana pamoja naye, alipenda kuwaambia watu kwamba yeye aliolewa na upepo.

Ili uelewe kilichowapata, ujue kwanza jinsi bodi ya faiba inavyozaliwa. Kuna kalibu, yaani umbo kubwa lenye sura ya gari zima ndani yake. Unaipaka kalibu nta, unaiacha ikauke, unaisugua ing'ae, unapaka tena, unaacha tena. Kisha unatandika faiba humo ndani na kuilowesha kwa gundi kali inayotoa machozi. Gundi ikishakauka, unagonga kidogo na bodi inatoka. Nta ndiyo inayomtenganisha mama na mtoto. Isipokauka sawasawa, gundi inashika, na bodi na kalibu vinakuwa kitu kimoja. Kazi ya nta ilikuwa ya Jandira, na Jandira hakuharakishwa na mtu.

Mwaka mmoja, kiwanda kilichowauzia injini kiliwaletea habari mbaya. Kilikuwa kinawapunguza wateja wadogo. Kama Evaristo hangepata oda za kutosha kwenye maonyesho ya mji mkuu, basi asiulizie tena injini. Bila injini, gari la faiba ni beseni lenye milango, na karakana ingefungwa. Evaristo akawa kama mtu aliyekalia siafu.

Walikubaliana kutengeneza gari jipya la kupeleka maonyesho. Hewa ilikuwa ya mvua na nta ilichelewa kukauka.

"Nimepaka mkono wa mwisho," Jandira alimwambia asubuhi. "Iache mpaka kesho. Mimi naenda kumwona mama yangu."

Evaristo aliizunguka kalibu. Akaigusa kwa kidole, akaizunguka tena, akaigusa tena. Akajiambia kwamba imekauka, na kama haijakauka basi itaendelea kukauka huko huko chini. Jandira aliporudi jioni alikuta faiba imeshatandikwa na gundi imeshamwagwa. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa.

Siku ya kuitoa bodi, haikutoka. Waligonga kabari za mbao pande zote, wakamimina maji katikati, wakavuta kwa minyororo mpaka paa la karakana likalia. Bodi ilikuwa imeng'ang'ania kalibu. Hapo ilibidi kimoja kivunjwe ili kingine kipone.

"Vunja gari," Jandira alisema. "Tulikate vipande vipande, kalibu ibaki. Tutatengeneza jingine."

"Maonyesho ni kesho kutwa! Nitapeleka nini, maneno?"

"Peleka samahani. Lakini kalibu usiiguse, Evaristo. Gari ni yai, kuku ni huyu hapa."

"Kuku nitamtafuta baadaye."

Akachukua tindo na nyundo. Kalibu aliyoichonga kwa miezi mingi, aliyokuwa akiipitishia kiganja kila asubuhi, aliivunja yeye mwenyewe mpaka ikawa takataka sakafuni. Ndani yake gari likatoka limejaa majeraha ya tindo. Akaziba mashimo kwa puti, akapiga rangi nyekundu, akalifunga kwenye chasisi, akaondoka.

Na huko mji mkuu, chini ya taa za ukumbini, gari lile lilipendwa. Watu walilizunguka, wakatoa oda, wakaita na ndugu zao. Bwana mmoja wa kiwanda cha injini, aliyekuja kuhesabu oda, alimpa Evaristo mkono. "Injini zenu zitakuja," alisema. "Ila kabla ya Pasaka nitapita niliangalie gari la kwanza la wateja. Nisipoliona, tusahauliane."

Evaristo alirudi nyumbani akiimba. Jandira alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Hayo magari utayatoa wapi?"

Alikuwa na jibu. Gari zima nalo linaweza kuzaa kalibu: unalipaka nta, unalifunika kwa faiba, na ganda linalotoka juu yake ndiyo kalibu mpya. Wangelitumia hilo hilo jekundu. Lakini walipolisukuma nje juani, puti yote ilionekana, mawimbi mawimbi kutoka taa za mbele hadi nyuma, na paa lilikuwa limepinda. Mteja wa kwanza tu angelirudisha.

Magari yake mengine, je? Evaristo aliyapitia kichwani moja moja, akaanza kutokwa jasho. Yote alikuwa ameyachezea. Hili aliliongeza mbawa nyuma, lile alilipunguza paa, jingine alilibadilisha pua mara mbili kwa sababu hakuweza kuliona likitulia. Lililobaki na sura yake ya kwanza lilikuwa moja tu, la Dona Corália.

Dona Corália, yaani Bibi Corália, alikuwa mkunga mzee. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake, Evaristo akiwemo, na gari la kwanza kabisa la karakana alilinunua yeye. Alilizungusha mashambani miaka na miaka, na kila Evaristo alipotaka kulibadilisha, alimjibu, "Liache lilivyo." Wakati mmoja, akikimbilia kumzalisha mama shambani, aligonga nguzo ya lango na madigadi ya juu ya gurudumu ikapasuka. Evaristo alibandika kiraka cha faiba, akakipiga kofi moja kishike, na pakabaki uvimbe wa ukubwa wa kiganja. "Nenda tu, mama. Wiki ijayo nitaupiga msasa." Wiki hiyo ilipofika alikuwa na wazo jipya, na iliyofuata vilevile. Bibi aliporudi tena kuuliza, Evaristo alimjibu huku akitembea, "Mama, hilo ni gari la zamani. Nani ataliangalia?" Bibi hakurudi tena.

Sasa Evaristo alisimama uani kwa Dona Corália, kofia mkononi, akiona aibu ile inayowasha masikio. Bibi alikuwa akipukuchua mahindi.

"Mama, naomba unikopeshe gari. Nitalitolea kalibu na kukurudishia likiwa zima."

"Lipi? Lile la zamani, ambalo hakuna atakayeliangalia?"

"Ndilo peke yake lililobaki kama nilivyolibuni."

Bibi aliendelea kupukuchua. "Lichukue. Ila uvimbe wa madigadi usiuguse. Msasa usipite, wala puti."

"Mama! Nikiuacha utaingia kwenye kalibu. Ukiingia kwenye kalibu, utatokea kwenye kila gari nitakalotengeneza!"

"Najua kazi yenu inavyokwenda. Ndiyo maana nikasema."

"Unaniadhibu."

"Mwanangu, siku unazaliwa ulitaka kutoka kabla ya wakati, nikakuzuia kwa mkono huu. Mkono umezeeka. Nimetafuta kitu kingine cha kukuzuia."

Evaristo aliuzunguka ua mzima, akawatawanya kuku, akarudi alipokuwa. Akakubali.

Safari hii nta aliipaka yeye, Jandira akimwelekeza. Kila baada ya mkono mmoja, Jandira alimwonyesha kigoda. Evaristo akakaa. Miguu yake ilicheza yenyewe chini, akaikalia mikono yake ili isiende kugusa. Yalikuwa mateso, nisikufiche. Lakini nta ilikauka, faiba ikatandikwa, na kalibu mpya ikatoka safi, nzuri kuliko ile ya kwanza. Kwenye madigadi palikuwa na kishimo cha ukubwa wa kiganja.

Jandira alipotoka kidogo, Evaristo alifungua kopo la puti. Kulikuwa na njia rahisi: kijiko kimoja tu, alainishe, na kishimo kingekuwa hadithi. Bibi macho yake yalikuwa hafifu, hangejua kamwe. Kidole kilishazama kwenye puti. Kisha akakitazama kilivyokuwa na haraka, na akakitambua. Ndicho kidole kilichogusa nta siku ile na kusema imekauka. Evaristo alikiogopa. Akakifuta, akafunga kopo.

Bwana wa injini alifika kabla ya Pasaka. Gari la kwanza lilikuwa limesimama mlangoni, liking'aa. Alilizunguka akipitisha mkono juu ya bodi, na mkono ukasimama kwenye madigadi.

"Hii ni nini?"

Evaristo alisogea karibu na gari. Angeweza kusema lolote. "Ni kazi niliyoilipua," alijibu. "Mama mmoja aliniletea gari nami nikalipua kazi, nikaiacha bila kuimaliza. Amenitaka niiache ionekane."

Yule bwana alicheka mpaka akashika mbavu. "Hamtaki kuniambia, sawa! Alama ya kiwanda ni siri ya kiwanda. Wenzenu wanabandika nembo inayobanduka, ninyi mmeitia mwilini kabisa. Injini zenu zitafika."

Evaristo aliendelea kusema ukweli kwa kila mnunuzi, na kila mnunuzi alidhani ni utani. Baadaye walitokea watu walioliiga gari lake, na kwa kuwa walikuwa na akili, waliupiga msasa ule uvimbe. Basi wanunuzi wakajifunza kupapasa madigadi kwanza. Lisilo na kovu halikuwa la Serra Mansa.

Dona Corália alirudishiwa gari lake na akaliendesha mpaka uzee ulipomnyang'anya funguo. Na Evaristo, kila bodi mpya ilipotoka kwenye kalibu, aliweka kiganja chake juu ya uvimbe. Kilienea sawasawa, kwa sababu kofi lile lilikuwa lake. Akishakiweka, alivuta kigoda na kukaa.

Funzo: Haraka isikufanye uvunje kinachozaa ili kuokoa kilichozaliwa leo. Na kazi unayomlipulia mwenzako, ilipue ukijua kwamba ipo siku itakuwa ndiyo sura yako mbele ya watu.