Bakuli la Mzeituni

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu aliishi mja mwema aitwaye Dhakwani, mtia rangi nguo. Mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni, na hapakuwa na sabuni iliyomfaa. Riziki yake ilitoka kwenye mitungi ya nili, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kerezo. Kila baada ya sala ya Alasiri aliketi uani, akaubana mti baina ya vigingi viwili na kuuzungusha kwa ugwe wa upinde. Mkono wa kuume uliuvuta na kuusukuma upinde, wa kushoto ulishika patasi, na kidole gumba cha mguu kiliituliza patasi isiteleze. Alichokikereza hakukiuza. Pia za watoto, mipini ya visu, miguu ya vitanda vya maharusi, vyote aligawa huku akicheka.

Mkewe, Bibi Lubaba, alizoea kumtania. "Mume wangu, ungejaaliwa mguu wa tatu, nao ungeushikisha patasi."

"Na wewe, kipenzi, ungeushikisha ufagio," hujibu yeye, maana vumbi la mti lilifika hata kwenye unga.

Basi rafiki yake wa tangu utotoni, jirani yake Hamduni, alikuwa na mzeituni uliopandwa na marehemu mama yake. Dhoruba ikauangusha. Hamduni akaokoa gogo moja tu zuri, akamletea Dhakwani siku aliyokuwa akienda kuhiji.

"Ndugu yangu, hii ni amana. Liweke kivulini likauke, na hata nikirudi tusilifanyie pupa. Likiwa tayari, unikerezee bakuli. Nataka binti yangu Khawla anywee maziwa ya moto siku ya nikaha yake, iwe kana kwamba bibi yake amemnywesha."

Dhakwani akaweka mkono kifuani, akakubali.

Sasa, kila mkereza anajua kuwa mti mbichi ni mtamu kuukata. Patasi hupita bila ubishi, na maganda hutoka marefu yakijikunja. Lakini chombo cha mti mbichi kikija kukauka, hupasuka. Dhakwani aliyajua hayo kama alivyoijua Alhamdu. Kilichomponza ni mapenzi, kwa kuwa kila alipolitazama gogo aliuona uso wa rafiki yake ukifurahi. Haraka haraka haina baraka, sote twaisema. Kazi ni kuikumbuka wakati mkono unawasha. Akalikereza. Likatoka bakuli la kupendeza, mistari yake ya rangi ya asali ikizunguka hadi kitakoni.

Ukavuma upepo mkavu wa jangwani. Mchana mmoja Dhakwani akasikia rafuni mlio mdogo, ta! Bakuli lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi kitako.

Akauchukua mshumaa wa mkewe, akayeyusha nta, akaichanganya na vumbi la mzeituni ule ule, akaujaza ufa na kuupaka mafuta. Haukuonekana tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bwana huyu ulikuwa wa namna nyingine: alipouziba ndipo ukuta ulipoanza kujengeka.

Hamduni akarejea. Alipolipokea bakuli alilia, hakuuliza hata limekaukaje upesi hivyo. "Safari nzima sikuihofia amana yangu," alisema, "kwa kuwa ilikuwa kwako."

Tangu hapo upinde wa Dhakwani ukanyamaza. Hata kwenye sala aliuona ufa mbele yake.

"Mume wangu," alisema Bibi Lubaba, "mshumaa wangu umekwenda wapi, na mbona ulimi wako umeufuata?"

Akamweleza yote. Bibi Lubaba akaushika ule mkono wa buluu.

"Kwa nini ukamficha?"

"Kwa kumpenda. Sikutaka ahuzunike."

"Maziwa ya moto yatakapoyeyusha nta, atahuzunika mbele ya watu, na mwanawe yuko kwenye mapambo ya harusi. Mapenzi gani hayo? Mpelekee huzuni yake leo, ailie nyumbani kwake."

Dhakwani akatoka, kilemba hakijakaa sawa. Akamkuta Hamduni, akakiri bila kujitetea. Hamduni akaupitisha ukucha juu ya nta hadi ufa ukajitokeza.

"Mti wa mama yangu," alisema. "Nawe ukanidanganya."

"Nilikudanganya. Nimekuja ili nisiendelee."

Hamduni akaufunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulimuuma Dhakwani kuliko kama angeubamiza.

Siku zikapita. Msikitini Hamduni aliitikia salamu yake, kwa kuwa ni wajibu, kisha akaenda zake. Dhakwani hakutuma wasuluhishi wala hakunung'unika. Alimwombea dua rafiki yake na kusubiri. Alipokosa hamu ya chakula, mkewe alimsogezea sahani. "Kula, bwana. Toba haijakataza mchuzi."

Siku ya nikaha ya Khawla alikaa uani akizisikiliza dufu kwa jirani, hajaalikwa. Mara Hamduni mwenyewe akasimama mlangoni, amevaa joho.

"Kadhi anakungoja."

"Mimi?"

Akamshika mkono, akamwingiza katikati ya hadhara. Bakuli lilikuwa pale. Nta ilikuwa imekwanguliwa, ufa umeshonwa kwa uzi wa shaba, na kwa kuwa lisingeweza tena kushika maziwa, lilijazwa tende.

"Nani shahidi wako wa pili?" aliuliza Kadhi.

"Huyu mwenye mikono ya buluu. Umenitaka shahidi mwadilifu, Sheikh. Wengi hapa najua watasema kweli juu yangu. Huyu nimemsikia akisema kweli dhidi ya nafsi yake, wala hakuna aliyemlazimisha."

Dhakwani akalia, uso ameufunika kwa mikono ile ya buluu. Hamduni akamwinamia sikioni. "Ndugu yangu, utalia baadaye. Kijana wa watu anangoja mke."

Husemwa kwamba bakuli lile halikushika maziwa hata siku moja, ila lilidumu nyumbani kwa Khawla, na wajukuu waliokula tende humo walipapasa ule mshono wa shaba wakauliza, wakasimuliwa. Nasi, ndugu zangu, nta hatujaikosa. Mola atujaalie ulimi wa kuukiri ufa wetu kabla maziwa hayajamiminwa.