Maji Yaliyosema Kweli

Wapendwa, leo nawapeleka maabara, msishtuke! Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tano aliyenasa nzi kwenye mpera wa shule. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha kwamba ndani ya wadudu wengine huishi bakteria wadogo mno, wakifaana na mwenyeji wao. Kikundi ambacho kingewapata kwanza kingekwenda maonyesho ya sayansi mkoani. Msichana yule alikuwa hali, halali!

Akamsaga nzi wake, akamtia kwenye kimrija. Kando akaweka kimrija cha maji matupu, kama mwalimu alivyoagiza. Wenzake wakamcheka, "Maji ya nini tena? Kwani maji yana nini?" Naye, kwa haraka yake, akavinyonya vyote viwili, nzi na maji, kwa bomba dogo la maabara lenye ncha iliyokwisha kutumika jana, bila kuibadilisha.

Akavitia kwenye mashine ya kupimia; ilipomaliza kazi, taa ikawashwa. Ukitokea mstari, bakteria wamo. Loo! Mstari wa nzi ukang'aa! Vigelegele, meza zikapigwa, binti akaruka mpaka kiatu kikamtoka. Alipoinuka na kiatu mkononi, akaona: upande wa maji nao una mstari, unang'aa vilevile.

Ndugu zangu, maji matupu yatoe wapi bakteria? Moyo ukamshuka. Rafiki yake akamnong'oneza, "Shoga, piga picha upande wa nzi tu. Mwalimu hajaona."

Ungekuwa wewe je? Alitamani, jamani, alitamani sana. Lakini akamwita mwalimu, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, maji yangu yamesema uongo."

"Hapana, mwanangu. Maji ndiyo yaliyosema kweli. Nzi wako huenda anao, huenda hana, leo hatuwezi kujua. Bomba lako ndilo chafu."

Mmesikia? Sisi tunampima jirani, tunampima mkwe, tukiona mstari tunapiga vigelegele. Na bomba limetoka kuchovywa wapi? Kwetu wenyewe! Mungu naye katuwekea maji kila nyumba: yule mtoto anayeuliza, "Baba, mbona na wewe unafanya hivyohivyo?" Tunamwambia nini? "Nyamaza!" Tunapiga picha upande mmoja.

Yule binti alichukua ncha mpya, akashika wavu, akatoka mbio kurudi mperani huku anacheka. Nasi tunarudi nyumbani sasa hivi. Mtoto yupo mezani, anatungoja. Akiuliza tena leo, tutamjibu nini?