Kihenge Kisichochunguliwa

Mama mmoja, mkulima wa mtama, jina lake Nyemo, alikuwa na watoto watatu, na kila mmoja wao alipopata nyumba yake mwenyewe alimsukia kihenge cha kuhifadhia nafaka. Pamoja na kihenge alimpa agizo ambalo yeye pia alipewa na mama yake: kihenge cha mwenzio hakichunguliwi, na chako hakitajwi. Katika nchi ile kavu agizo hilo lilikuwa na maana. Miaka ya njaa wezi walipita wakisikiliza ni nani anayesifu mavuno yake, na hata asiyekuwa mwizi aliaminiwa kuwa na jicho linaloweza kuozesha mbegu. Kwa hiyo mtu aliyeulizwa ana nini ghalani alijibu, "Hamna kitu," hata kama mtama ulikuwa umefika mdomoni mwa kihenge. Aliyeuliza hakuona kwamba amedanganywa. Aliona kwamba amejibiwa kwa adabu.

Watoto wakasoma, na ikatokea kwamba wote watatu wakawa watunza stoo katika hospitali tatu za umma zilizopangana kwenye barabara moja. Yaredi, kitinda mimba, alikuwa chini mbugani, karibu na shamba la mama. Enoki, wa kati, alikuwa kwenye njia panda ya mnada wa ng'ombe. Keziya, kifungua mimba, alikuwa juu ukingoni mwa mlima. Kutoka kwa Keziya barabara iliendelea, ikapinda, ikachakaa, hata ikafika hospitali kubwa ya mkoa, safari ambayo wagonjwa wengi waliianza na wachache waliimaliza.

Enoki alikuwa mtu wa utaratibu. Katika stoo yake kilichotangulia kuingia kilitangulia kutoka, maboksi ya glavu yalitazama upande mmoja, na hapakuwa na dripu iliyowekwa juu ya sakafu tupu. Yote hayo alifundishwa chuoni, akayashika. Lakini chuo hakikuligusa agizo la mama, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyejua kwamba lipo. Dawa za kila siku, za homa na za vidonda, ziliandikwa ukutani ili kila muuguzi azione. Dawa adimu Enoki aliziweka ndani kabisa ya jokofu, kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwake. Ndugu zake nao walifanya vivyo hivyo, ingawa hapana aliyemwambia mwenzake.

Iliyokuwa adimu kuliko zote ni dawa ya sumu ya nyoka. Ni ghali, inataka baridi, inaharibika ikikaa, na hakuna ajuaye ni lini itahitajika. Kila hospitali ilijinunulia kivyake, na mwuzaji alikuwa mmoja, mjini. Enoki alipompigia simu kuuliza bei, mwuzaji alimwambia kwa sauti ya rafiki, "Bosi wangu, fanya haraka. Wenzako wa huko huko kwenu wameshapandisha dau." Enoki akapandisha. Kisha mwuzaji akampigia Keziya akamwambia maneno yaleyale, naye akapandisha juu ya Enoki. Kisha Yaredi akapandisha juu ya wote wawili. Watoto wa tumbo moja walishindana mnadani bila kuonana nyuso, na mwisho wa mnada kila mmoja alikuwa na vichupa vichache, kwa fedha ambazo zingewatosha watatu kununua kreti nzima. Sikukuu ilipofika walikutana kwa mama yao, wakala sahani moja, wakataniana juu ya mpira na juu ya tumbo la Yaredi lililoanza kutangulia mlangoni. Soko halikutajwa.

Katika hospitali ya Enoki kulikuwa na daktari aliyeitwa Perusi, mgeni katika nchi ile. Huyu alimwuliza siku moja, "Kaka Enoki, kwa nini hospitali hizi tatu zisiagize pamoja? Na kila mmoja akajua mwenzake ana nini, kinachokaribia kuharibika huku kikapelekwa kunakohitajika kule?"

Enoki akacheka kwa upole. "Daktari, kwetu mtu hamwulizi ndugu yake ana nini kihengeni."

"Hata akiwa na njaa?"

"Akiwa na njaa atapikiwa, atakula atashiba. Ila ghala hataonyeshwa."

"Dawa haipikwi, kaka," alisema daktari, akaenda zake wodini. Enoki aliona kwamba ni mtu mzuri, ila bado hajaizoea nchi.

Wakati wa kiangazi simu ya stoo ililia. Muuguzi wa zahanati moja ya mbali alisema wana mchungaji ameumwa na nyoka malishoni, akauliza kama dawa ipo. Enoki alikuwa amesimama mbele ya jokofu. Akajibu, "Hatuna. Poleni sana." Hakuona kwamba amesema uongo. Alikuwa ameufunika mdomo wa kihenge mbele ya mpita njia, kwa ajili ya watu wa nyumbani ambao wangeweza kuumwa kesho. Lakini kesho hiyo haikuja. Msimu ulipita, vichupa vikafikia mwisho wa muda wake, na Enoki, kwa utaratibu uleule, akavipeleka kwenye tanuri la nyuma ya hospitali akaviteketeza. Baadaye alikuja kujua kwamba katika majuma yaleyale moshi ulikuwa umepanda kwa Keziya, na kwa Yaredi pia, na kwamba kila mmoja, alipokwisha kuteketeza vyake, alimpigia mwuzaji yule ili aanze kupandisha dau upya.

Kisha yakaja mavuno. Mama Nyemo alikuwa akikusanya mabua ya mtama aliyoyalaza chini, na kifutu, nyoka mzito mwenye rangi ya majani makavu, alikuwa amejikunja chini ya fungu la mwisho. Akamwuma juu ya kifundo cha mguu. Majirani wakamchukua kwa mkokoteni hadi hospitali ya Yaredi. Yaredi hakuwapo, alikuwa ndani ya basi akienda mjini kwa mwuzaji. Muuguzi wa zamu, ambaye hakumjua mama huyu ni mama wa nani, alitafuta katika jokofu akaona droo iliyofungwa. Hakujua kilichomo, kwa sababu Yaredi hakuwahi kumwambia mtu. Mama alilazwa kwenye benchi pembeni ya jokofu lile, mguu ukivimba, na dawa ya mwanawe ilikuwa karibu naye kiasi kwamba angenyoosha mkono angeugusa mlango wa jokofu.

Muuguzi akapiga simu njia panda. "Habari za kazi. Tuna mama mmoja, mkulima, kaumwa na kifutu. Dawa mnayo?"

"Hatuna, dada," alijibu Enoki. "Poleni sana."

"Haya. Basi tunampitisha moja kwa moja mkoani."

Enoki akarudi kwenye maboksi yake.

Gari la wagonjwa likapanda barabara. Kufikia njia panda fizi za mama zilikuwa zinatoka damu, na ngozi ya mguu ilikuwa imenyooka hata inang'aa. Aliinua kichwa, akaona miti ya mnadani, akamwambia dereva, "Mwanangu anafanya kazi hapa. Nisimamishie nimuage."

Enoki aliitwa stooni. Alitoka akipangusa mikono, akiwa na uso wa mtu aliyekatizwa kazi, akatazama ndani ya gari. Wale waliokuwapo wanasema hakupiga kelele. Aligeuka, akakimbia ndani, akang'oa ufunguo shingoni mpaka uzi ukakatika, akarudi na vichupa vyote mikononi. Muuguzi aliyemsindikiza mgonjwa alivitazama vichupa, kisha akamtazama yeye.

"Kaka, si wewe niliyeongea nawe kwenye simu?"

Enoki akamkabidhi vichupa daktari Perusi, aliyekuja mbio. Daktari akavipanga, akamtazama mama, akatikisa kichwa. "Hivi ni mwanzo tu. Nahitaji vingine zaidi ya hivi, na nahitaji sasa."

Enoki akampigia Yaredi, akamweleza yaliyotokea. Yaredi, katikati ya kelele za basi, alisema, "Vipo kwenye jokofu langu, kaka. Ufunguo ninao mfukoni." Kisha akaelewa alichosema, akaanza kulia mbele za abiria, akiamuru kufuli livunjwe. Lakini mbugani ni mbali, na gari la kule ndilo hili lililokuwa limesimama hapa. Enoki akampigia Keziya.

"Dada, dawa ya sumu ya nyoka unayo?"

"Hatuna, mdogo wangu," alisema Keziya. Sauti yake ilikuwa ya upole, haikusita, haikuficha aibu yoyote. Enoki aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ileile aliyoitumia asubuhi kwa muuguzi, ileile aliyoitumia kiangazi kwa ajili ya mchungaji. Hakuwahi kuisikia kutoka upande huu wa simu.

"Dada," alisema, "ni mama."

Papo hapo Keziya akasema, "Ninayo."

Alikuja mwenyewe, nyuma ya pikipiki, amelikumbatia kasha la barafu kifuani, kanga imejaa vumbi. Dawa yake ikaungana na ya Enoki kwenye mshipa mmoja, na usoni pa mama uhai ukaanza kurudi. Ya Yaredi ilifika mwisho, ikiwa imetolewa kwenye droo iliyovunjwa kufuli. Sumu haikuua. Lakini ilikuwa imepewa muda wa kutosha kusafiri, kutoka benchi hadi njia panda, na mguu ulikuwa umekwisha kuoza. Madaktari wa mkoa waliukata chini ya goti.

Mama alipopata nguvu ya kukaa, watoto wake watatu walisimama kando ya kitanda kama watu wanaongojea hukumu. Hakuna aliyethubutu kutazama pale shuka lilipolala tambarare. Hatimaye Keziya, kwa kuwa ndiye mkubwa, alisema, "Mama, tulifuata ulichotufundisha. Kihenge cha mwenzio hakichunguliwi."

Mama akamtazama. Mshangao uliokuwa machoni pake ulikuwa mkubwa kuliko ule aliouonyesha alipoambiwa juu ya mguu.

"Niliwafundisha kumficha mwizi kilichomo kihengeni," alisema. "Mwizi anakuja kimyakimya. Huyu anakuja anaita, anasema naumwa. Nani aliwaambia kwamba mgonjwa ni mwizi? Na mimi, kila mwaka wa njaa, nilivimimina vihenge vyote mkekani, vyenu na vyangu, tukapima pamoja mpaka mvua. Mlikuwapo. Mlikula. Mlishikaje siku za kuficha, mkasahau siku ya kumimina?"

Ndipo Enoki akaanguka magotini, akamweleza mama yake juu ya mchungaji wa kiangazi, jinsi alivyosimama mbele ya jokofu akasema hatuna, na jinsi dawa ile ilivyogeuka moshi. Keziya alijiziba uso kwa kanga. Yaredi alitoka nje akakaa chini ya dirisha, akiugeuzageuza ufunguo wa droo yake.

Walipotoka pale walifanya alilosema daktari Perusi, kwa hatua zake na kwa mpangilio wake. Kwanza walimimina: kila mmoja akawafungulia wengine wawili droo yake, na kulikuwamo vitu vilivyowatia hofu. Kulikuwa na nyuzi za kushonea zilizolundikana kwa Keziya, wakati kwa Yaredi wanawake waliojifungua waliambiwa waje nazo kutoka nyumbani. Kulikuwa na dawa za usingizi zikikaribia kuharibika kwa Enoki, huku upasuaji ukiahirishwa kwa Keziya. Pili, waliwashawishi wakuu wao watatu, jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote, kwa kuwa wakuu nao walikuwa na vihenge vyao. Mwisho walikwenda mjini pamoja. Mwuzaji alipowaona mlangoni, alisimama. "Leo mmekuja ukoo mzima?" alisema, akijaribu kucheka. Keziya akavuta kiti akaketi. "Ndiyo, bwana. Leo tuambie, ni mwenzetu yupi ameshapandisha dau?" Mwuzaji hakuwa na wa kumtaja. Bei ikashuka hapo hapo, kama nguo iliyokatikiwa kamba.

Kreti ya kwanza ilipowasili, ikagawanywa mbele ya macho ya wote, na ufunguo wa kila droo ukatundikwa ukutani kwenye chumba cha wauguzi wa zamu. Kisha ndugu hao watatu wakaenda shambani kwa mama yao. Walimkuta ameketi juu ya mkeka, magongo yake yameegemezwa kwenye kihenge, akipepeta mtama. Wakamsimulia yote kwa furaha, hatua kwa hatua: jinsi dawa ilivyo nyingi sasa, jinsi gari moja linavyozunguka hospitali zote tatu, jinsi mtu akipiga simu kutoka mahali popote anavyojibiwa kilichopo na kilipo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuweka ungo chini, akawabariki mmoja mmoja kwa jina.

Kisha akamgeukia Enoki, akamwuliza, "Na yule mchungaji, aliitwa nani?"