Zimwi na Mji wa Watu Elfu Moja na Tisa

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni wote, asibaki mtu nje!

Hakuna aliyebaki!

Hapo kale palikuwa na mji wa watu elfu moja na tisa. Siku moja likaja zimwi, likanguruma:

"Siku ya mavuno mtajipanga makundi yaliyo sawa. Mmoja mmoja sitaki, wala wote kundi moja sitaki. Atakayebaki peke yake, huyo wangu!"

Basi Jumbe Mwinchande akawapanga watu wake mapema, wajaribu.

Akawapanga wawili wawili. Akabaki mmoja.

Akawapanga watatu watatu. Akabaki mmoja.

Akawapanga saba saba. Akabaki mmoja.

Akajaribu kila hesabu aliyoijua, wapi! Jumbe akasema, "Idadi yetu ni tasa, haigawanyiki. Lazima apungue mtu."

Wote wakamtazama Bi Sikitu, mjane mwenye mguu mbovu.

"Jamani, mimi nimewakosea nini?" akalia.

Wakamfukuza kwa mawe mpaka porini. Binti yake, Tunu, alipiga mayowe, lakini jumbe alimshika mkono asimfuate mama yake.

Siku ya mavuno ikafika. Watu wakasimama wawili wawili, sawasawa kabisa. Jumbe alisimama na Tunu, kamkamata kisawasawa.

Zimwi likatokea, limemshika Bi Sikitu, damu imemkauka usoni.

"Nimemwokota porini. Mimi sili kilichotupwa, nala kilichobaki. Huyu ni wenu?"

"Hatumjui!" wakajibu.

"Huyu ni wenu?"

"Hatumjui!"

"Huyu ni wenu?"

"Hatumjui!" jumbe akapaza sauti kuliko wote.

Tunu akamng'ata jumbe mkono, akachomoka.

"Ni mama yangu!" Akaenda kusimama naye.

Zimwi likacheka. "Hawa ni wawili, wametimia. Nani hana mwenzake?"

Jumbe akakimbilia huku, akakimbilia kule. "Nipeni mkono! Nipeni mkono!" Hakuna aliyempa. Mkewe mwenyewe alimshika jirani kwa nguvu, akainamisha macho.

Zimwi likamla mbele yao, likaanzia miguuni ili alie muda mrefu.

Bi Sikitu na Tunu wakashika njia. Watu wakaita, "Bi Sikitu, rudini nyumbani!" Hawakugeuka.

Zimwi likajifuta mdomo. "Mavuno yajayo, watatu watatu."

Basi wakajihesabu: elfu moja na sita. Wakajipanga watatu watatu. Akabaki mmoja.

Wakaanza kutazamana. Na kila mtu akainama, taratibu, kuokota jiwe.

Hadithi yangu imeishia hapo; aliye na masikio amesikia. Wanangu, mkimtupa mwenzenu ili mpone, hamjapona. Mmejifunza kutupana tu.