Masikio ya Punje

Paukwa!

(Pakawa!)

Hiyo pakawa ya watu wenye usingizi. Paukwa!

(Pakawa!)

Haya. Zamani hizo, babu wa babu yangu hajazaliwa, kulikuwa na kijiji cha wawinda nungunungu. Huko aliishi Lugendo na mbwa wake mdogo, Punje. Hakuna shimo ambalo Punje hakupenya. Yeye akiingia, nungunungu anatoka. Lugendo akala nyama, akasifiwa, akavimba kichwa.

Wawindaji wa huko walikuwa na desturi yao. Kabla ya kuondoka, kila mtu humshika mbwa wake masikio akayasokota. Songo! Songo! Eti wanayaamsha. Lugendo alimsokota Punje kila asubuhi, tangu mbwa ni mtoto hadi akaota mvi mdomoni.

Punje akazeeka. Akiitwa, haji. Akipigiwa mluzi, haji. Amekaa tu, anatikisa kichwa, pata-pata-pata! Lugendo akasema, "Huyu ameingiwa na kiburi." Akazidi kusokota. Songo! Songo!

Asubuhi moja, mbele ya wawindaji wote, Lugendo akanyoosha mkono. Kak! Punje akamng'ata.

Sheria ya kijiji ilisema mbwa akimng'ata bwana wake, bwana huyo amuue kabla jua halijazama. Lugendo aliona aibu, mwindaji mzima kung'atwa na mbwa wa kimo cha chungu! Akabeba rungu, akamfunga Punje kamba, akashika njia ya porini.

Njia ilipita kwa Bibi Nyanzala, mfinyanzi, mzee kuliko wote kijijini. Alikuwa anakanda udongo.

"Mjukuu wangu, unampeleka wapi mzee mwenzangu?"

"Kumuua, Bibi. Kaning'ata."

"Ulikuwa unamfanya nini?"

"Nilimshika masikio tu."

"Masikio. Haya, mpakate, tuyaone."

Bibi akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha hadi yakawa vuguvugu. Akanawa udongo mikononi. Akachovya kitambaa laini, akaanza kuosha, taratibu, bila kuchokonoa ndani. Uii! Uii! Punje analia mapajani mwa Lugendo. Ukoko ukabanduka, usaha ukatoka, nzi wakaja, vuuu!

Vidonda vikaonekana. Kila sikio, kimoja mbele, kimoja nyuma. Lugendo akatazama kidole gumba chake. Akatazama cha shahada. Akavisogeza karibu na sikio bila kuligusa. Vikalingana.

Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Bibi, miaka yote hii nikimwita alikuwa anakuja. Anajua nitamsokota, na bado anakuja."

"Ndiyo," Bibi akasema. Akapaka asali juu ya vidonda.

"Na sheria, Bibi?"

"Kawaambie wenzako aliyekosa ni nani. Jua bado liko juu."

Lugendo akarudi, Punje kifuani. Wawindaji wakamzunguka. Akasema, "Nilistahili kung'atwa. Tazameni." Akawaonyesha masikio, akawaonyesha vidole vyake. Wengine wakacheka. Lakini waliocheka ndio waliokwenda nyuma ya nyumba zao, kimyakimya, kukagua masikio ya mbwa wao. Rungu likarudishwa darini. Songo! Songo! haikusikika tena kijijini.

Asubuhi na jioni Lugendo alimpeleka Punje kwa Bibi. Wakaosha, wakapaka, wakafukuza nzi. Masikio yakapona. Lakini kila Lugendo aliponyoosha mkono, Punje alifumba macho, akalaza masikio, akangoja kuumizwa.

"Bibi, nipe dawa ya hili."

"Hiyo mimi sina, mjukuu wangu."

Basi Lugendo akawa anakaa chini, anaweka mkono ardhini, kiganja juu, anangoja. Siku nyingine Punje alikuja. Siku nyingine hakuja. Ikawa hivyo mpaka mbwa yule alipokufa.

Nanyi wanangu, asiyewaitikia msikimbilie kumwita mwenye kiburi. Angalieni anaumwa wapi, kisha mwangalie mikono yenu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mkitoka, mpisheni mbwa aliyelala mlangoni.