Jina Juu ya Mlango wa Mwanakombo

Hapo zamani, na si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzi tu ambapo watu walikwisha kuwa na simu mifukoni, palikuwa na mwanamke wa Pemba akiitwa Mwanakombo binti Faki. Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna taratibu, maana mwishoni nitakuuliza na sitaki uniambie hukusikia.

Mwanakombo alikuwa mchoma vitumbua. Mama yake alichoma, bibi yake alichoma, na yeye alipohamia nchi ya baridi, begi lake lilikuwa na nguo chache na chuma cha vitumbua chenye vishimo saba. Wale wa uwanja wa ndege walikigeuza na kukigeuza wakidhani ni silaha. Mwaka wa kwanza alisafisha ofisi za watu. Mwaka wa pili alisafisha. Mwaka wa tatu akasema, jamani, mimi sikuzaliwa na fagio mkononi.

Kando ya kituo cha treni kulikuwa na kibanda kitupu. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache. Akamwambia, lete karatasi ya serikali inayosema biashara yako imesajiliwa, uchukue ufunguo. Nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Usipokuja, kuna kinyozi anakitaka. Maana nchi ile, jama, huwezi kutoa meza barazani ukawasha jiko. Kule hata andazi lina faili.

Mwanakombo akarudi alikopanga. Pale ngazini akawakuta majirani zake wawili, na ulimi hauna mfupa, akaapa mbele yao: "Wallahi, atakayenipatia karatasi ile, jina lake litakaa juu ya mlango wangu."

Mmoja wa majirani hao alikuwa Mbarouk, mtu wa Unguja, mpakia mizigo ghalani, miaka kumi na moja yuko kule. Mbarouk aliichukua ile fomu akaihesabu: kurasa ishirini na mbili, kwa lugha ya serikali ambayo hata wenye nchi yao huisoma wamekunja uso. Alikuwa amejiwekea likizo ya siku kumi aende Unguja kwenye harusi ya mpwa wake. Hakwenda. Siku kumi zote alikaa na Mwanakombo, ukurasa kwa ukurasa, dirisha kwa dirisha, panga foleni, rudi kesho, panga tena. Harusi aliisikia kwenye simu, vigelegele na yote, amesimama kwenye foleni ya mihuri. Ilimuuma.

Fomu ikakamilika. Ofisi ikasema: sasa tuonyesheni jiko. Kibanda ni cha kuuzia tu. Pa kupikia lazima pawe na nafasi, pawe na masinki mawili, na pasiwe na mnyama. Jiko la Mwanakombo ukifungua friji, mlango unagonga ukuta. Hapo akatokea jirani wa pili, Bibi Hedwiga, mwenyeji wa nchi ile, mjane asiye na mtoto, mwenye jiko pana. Akasema, pikia kwangu. Kabati aliyoichonga marehemu mumewe kwa mikono yake ikang'olewa ili sinki la pili lipate pa kukaa. Na paka wake, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa akilala juu ya kiti cha jikoni, akapelekwa mji wa mbali kwa dada wa bibi. Msicheke. Bibi wa watu alirudi kutoka stesheni na kikapu kitupu, akalia njia nzima.

Jiko likawa tayari, akaja mkaguzi. Aliitwa Bwana Anselmi, mrefu, mpole, na mkoba wa ngozi. Akapima, akachungulia, akafungua bomba hili na lile. Akatia sahihi, akafunika kalamu. Wakati huo Mwanakombo amekwisha kuchoma vitumbua, iliki inanukia mpaka ngazini. Akamkaribisha. Bwana Anselmi akasema hapana, ahsante. Akamkaribisha tena. Akakataa tena. Akamkaribisha mara ya tatu, akakataa ya tatu.

Sasa ninyi mnajua, kwetu mgeni kukataa ni adabu, na mwenyeji kulazimisha ni adabu zaidi. Mwanakombo akajisemea, maskini, anaona haya. Akafunga vitumbua sita kwenye karatasi, na mkaguzi alipoinama kuvaa viatu, akavitia ndani ya mkoba wake. Tena akafurahi, mgeni haondoki mikono mitupu.

Kumbe kule, kumpa mkaguzi chakula ni rushwa! Bwana Anselmi alifungua mkoba mbele ya mkubwa wake, na ripoti ikatoka na duara la mafuta katikati, na harufu ya iliki ikajaa ofisi. Mkubwa akauliza hii ni nini. Sheria yao inasema, ombi lenye rushwa linakufa siku hiyo hiyo, na zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi wa tatu uishe.

Bwana Anselmi angeweza kusema, huyu mama amejaribu kuninunua, akalala salama. Badala yake alirudi kwa Mwanakombo, akamuuliza kwa nini. Mwanakombo alipoelewa alichofanya, alimvutia kiti. Akamweleza: kwetu mgeni akiondoka bila kuonja, aibu ni ya mwenye nyumba. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho. Akarudi akaandika kwamba sahihi ilitangulia na vitumbua vikafuata, kwamba jiko ni safi, na kwamba kama kuna kosa, ni lake yeye aliyekataa bila kueleza sababu. Mkubwa akapitisha ombi kwa kununa. Bwana Anselmi naye akahamishwa, akapelekwa kukagua mabwawa ya kuogelea.

Barua ikaja siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi: ombi limekubaliwa. Limebaki jambo moja, jazeni jina la biashara, mrudishe. Mwanakombo alipiga kigelegele mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu. Akawaita wote watatu jikoni kwa Bibi Hedwiga, akachoma vitumbua, wakala, wakacheka. Hata Bwana Anselmi alikula, maana sasa hana mamlaka juu ya chakula cha mtu. Alikula vinane.

Kisha Mwanakombo akaitoa ile karatasi, na kisanduku chenyewe cha jina kidogo kama kiberiti. Jina la mtu mmoja, zaidi haliingii.

Mbarouk akasema, "Da Mwanakombo, bila fomu hakuna jiko wala mkaguzi. Mimi kazini naitwa namba arobaini na mbili. Miaka kumi na moja. Ningependa siku moja nipite njiani nione jina langu limeandikwa vizuri."

Bibi Hedwiga akasema, "Fomu bila jiko ni karatasi ya kufungia samaki. Ninyi mnaona paka, mimi namuona niliyekuwa nikizungumza naye kila asubuhi. Sina mtoto. Nikifa, nani atalitaja jina langu?"

Bwana Anselmi hakudai kitu. Alisema yeye hakuwapo ngazini, hakusikia ahadi yoyote, na aliandika alichokiona tu. Lakini Mwanakombo mwenyewe akawageukia wale wawili, machozi yanamlenga. Akasema fomu yenu na jiko lenu, vyote niliviua mimi kwa mkono wangu, na aliyevifufua ni huyu, naye hakuwa akingoja malipo.

Mbarouk akasema huyo alifanya kazi yake. Bibi Hedwiga akasema na sisi je, hii ilikuwa kazi yetu? Mwanakombo akawamiminia chai wote.

Na msiniambie aandike jina lake mwenyewe. Ahadi ni deni, na aliapa kwa Mungu. Wala msiniambie aandike "Vitumbua vya Majirani", maana aliahidi jina la mtu, na watu wenyewe ndio hao wamekaa mbele yake, wanamtazama kwa upendo, kila mmoja na mafuta midomoni.

Ofisi inafungwa saa tisa kesho. Kinyozi anangoja. Kalamu iko mkononi mwa Mwanakombo. Haya, wewe uliyekuwa ukitafuna, anza wewe: juu ya mlango ule lisomeke jina la nani?