Chungu cha Bi Mize

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni! Anayetafuna na atafune kimyakimya. Ilikuwa zamani, zamani zile mchana ulikuwa mrefu na watu hawana haraka. Katika mji wa Kitopeni alikuwako mwamba vitanda, yaani msukaji wa vitanda vya kamba, jina lake Fundi Faki. Kitanda akishakiwamba yeye, ukikipiga kofi kinalia kama ngoma.

Lakini kuwamba si kazi ya mtu mmoja. Mmoja huvuta kamba na kuikaza, wa pili hushika donge la kamba na kuitoa kidogo kidogo. Mshika donge wa Faki, tangu ana miaka saba, alikuwa binti yake Time. Baba avute, Time atoe. Baba avute, Time atoe, na mazungumzo hayakatiki.

Time akaposwa. Faki akaapa mbele ya wakwe: "Mwanangu halalii kitanda cha mkono wa mtu mwingine!" Maneno matamu hayo, ila alisahau jambo. Mwari akishawekwa ndani hatoki, na kitanda cha harusi yake hakigusi. Zimebaki siku tatu, kitanda mifupa mitupu, mshika donge yuko ndani anasingwa mwili kwa liwa ya kunukia.

Akajaribu peke yake. Akavuta, donge likaviringika. Akavuta, likaingia majivuni. Akavuta, kuku akalikanyaga, ikawa fundo juu ya fundo. Wewe Bakari unacheka. Mwenzio alikuwa karibu kulia.

"Mke wangu, njoo unishikie!"

"Nina mwari ndani na wageni uani, Baba Time, nikushikie kamba?"

Hata hivyo Bi Mize alimwonea huruma mumewe. Akaingia jikoni, akatoka na chungu cha marehemu mama yake, kilichotoboka kitako miaka mingi. Kila siku Faki alisema, "Kitupe!" Kila siku yeye alijibu, "Chungu cha mama hakitupwi."

"Donge litie humu, ncha ipitishe tunduni, kitundike kwenye boriti."

Faki akatundika. Akavuta, kamba ikateremka. Akavuta, ikateremka. Akavuta mara ya tatu, pu! Ukingo wa tundu ulikuwa mkali, umeikata.

"Si nilisema kitupwe!"

"Hasira za nini, mume wangu? Ngoja."

Bi Mize akakata shingo ya kibuyu, akaichomeka tunduni, akaipaka mafuta ya nazi. Faki akavuta. Kamba ikateremka, ikateremka, ikateremka, laini, bila fundo, na kuku chini kakodoa macho. Siku ya tatu, adhuhuri, Faki akakipiga kitanda kofi: du! Akacheza peke yake kwa furaha.

"Mke wangu, nimekukosea, wewe na mama mkwe."

"Tumekusamehe, sote wawili."

Harusi ikapita, fungate ikaisha, Time akaja kuwaamkia wazee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kwa mazoea akanyoosha mkono achukue donge. Halipo. Akatazama juu, akakiona chungu, akacheka.

"Baba! Umeshapata mwingine?"

"Kutoa kamba kinajua, mwanangu. Kuzungumza hakijui. Kaa."

Akakaa mpaka jua likapinda.

Basi msiwe wepesi wa kusema "kitupe." Chombo kilichoshindwa kazi moja huweza kufaa nyingine. Ila mtu wako, hakuna chungu cha kushika nafasi yake.

Kisa nimekizungusha donge, nimekitia chunguni. Anayekitaka na avute ncha.